Barua kwa mwanangu: baraza la Akbar lilivyofanya kazi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, rasimu ya mchezo wenu wa baraza la mfalme Akbar imenifikia na nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Mazungumzo yana uhai, na nimefurahi kwamba mmewachagua Wamoghuli wa India. Hata hivyo, baraza mliloliandika ni la vito na manukato: mfalme amekaa, watu wamejaa, chakula kinaingia, amri inatoka. Kinachokosekana ni kazi. Pale palikuwa mahali pa kazi tangu alfajiri hadi usiku, na karibu kila tendo, liwe la kusalimu, kula au kuandika, lilitakiwa kuwa na shahidi wa pili.

Sababu utaiona ukiwatazama watu wenyewe. Maamiri wa Akbar walikuwa Waturani kutoka Asia ya Kati, Wairani, Warajputi wa Kihindu, na Waislamu wazaliwa wa India. Hawakuwa ukoo mmoja, hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, na wengine baba zao walikuwa wamepigana vitani. Maamiri wa Kiuzbeki walimwasi katika miaka ya 1560. Mwaka 1580 maafisa wa Bengal na Bihar wakaasi, na mwaka uliofuata ikambidi aende na jeshi hadi Kabul kumkabili ndugu yake wa baba mmoja, Mirza Hakim. Watu wa namna hiyo hukuweza kuwashika kwa kuaminiana peke yake. Adabu, mihuri, waonjaji na makarani ndio waliojaza nafasi ya imani iliyokosekana. Hilo ndilo ningependa mtazamaji alione.

Kwanza mwaka, maana mmechanganya. Kiti cha Tausi mlichokiweka katikati ya jukwaa ni cha mjukuu wake, Shah Jahan, na kilikaliwa mara ya kwanza 1635. Taj Mahal mliyoichora kwenye pazia la nyuma ilianza kujengwa 1632. Akbar alifariki 1605. Ondoeni vyote viwili. Nakushauri mchague 1582, mjini Fatehpur Sikri, mji wa mawe mekundu karibu na Agra. Mwaka huo Abul Fazl, mwandishi wa mfalme, yuko barazani, Birbal, mshairi na mwandani wake, yuko hai, Tansen anaimba, na Todar Mal anashika hesabu za dola na kuamuru ziandikwe kwa Kiajemi. Shangazi wa mfalme, Gulbadan Begum, ndiyo kwanza anarudi kutoka Makka alikokwenda kuhiji na wanawake wenzake wa jumba la kifalme, safari iliyochukua miaka. Salim, atakayekuja kuwa mfalme Jahangir, ni kijana wa miaka 13. Miaka mitatu mbele mji unaachwa na mfalme anahamia Lahore. Karibu yote nitakayokueleza yameandikwa katika Ain-i Akbari, maelezo ya taratibu za dola ambayo Abul Fazl aliyakamilisha miaka ya 1590. Pale ambapo jambo lilikuja baada ya 1582 nitakwambia.

Sasa salamu, kwa sababu hapo ndipo waigizaji wenu wanapokosea zaidi. Mmewafanya wote wapige magoti. Barazani palikuwa na salamu mbili, na kila moja ina hatua zake. Ya kwanza ni kornishi: kiganja cha mkono wa kulia kinawekwa kwenye paji la uso na kichwa kinainama. Maana yake ni kwamba mtu ameweka kichwa chake katika mkono wa unyenyekevu na kukitoa zawadi kwa baraza. Ya pili ni taslimu: mgongo wa mkono wa kulia unashushwa mpaka uguse ardhi, kisha mkono unapanda polepole pamoja na mwili hadi mtu asimame wima, ndipo kiganja kinatua juu ya utosi. Mkono usitangulie mwili. Ukitangulia, mtazamaji atadhani mtu anaokota kitu, na uzito wa tendo unapotea. Mkono wa kushoto haushiriki.

Idadi nayo ina maana. Mtu akiingia kutambulishwa, akiaga, akipewa cheo, ardhi ya mapato, joho la heshima, tembo au farasi, anatoa taslimu tatu. Akipokea mshahara au zawadi ndogo, moja inatosha. Kwa hiyo katika onyesho la pili, yule afisa anayepewa joho lazima aende tatu kamili bila haraka, na baraza zima limngojee.

Kusujudu ni suala la kutazamwa kwa uangalifu, hasa kwa watazamaji wetu. Akbar aliruhusu sijda kwa watu wake wa karibu katika faragha, na wanavyuoni wengi walilichukia jambo hilo. Katika baraza la wazi aliikataza, hata kwa watumishi wake wa ndani, kwa sababu watu waliiona ni kumwabudu binadamu. Shah Jahan ndiye aliyeifuta kabisa. Basi msimwonyeshe mtu yeyote akisujudu katika baraza la wazi la 1582. Mtakosea historia na mtawaudhi watu bure.

Umbali kutoka kiti cha enzi ulipimwa kwa gazi, na gazi ya Akbar ni sentimita 80 na kidogo. Mtoto mkubwa wa mfalme akisimama, ni kati ya gazi 1 na 4. Akiruhusiwa kukaa, kati ya 2 na 8. Wa pili husimama gazi 1 na nusu hadi 6. Wadogo, Akbar mwenyewe alipenda kuwavuta karibu zaidi kwa mapenzi, na hapo mna nafasi ya tendo zuri lisilohitaji maneno: Daniyal mwenye miaka 10 anasogezwa mbele na Salim anatazama. Wakubwa wa daraja la juu kabisa wanaanzia gazi 3 hadi 15, wengine wanarudi nyuma zaidi, na waliobaki wanapanga mstari pembeni. Wote wamesimama, mikono imekunjwa kifuani. Mtumishi mmoja au wawili tu ndio walio karibu kuliko wote. Piga alama sakafuni kwa chaki kabla ya mazoezi, maana ugomvi wa maamiri haukusemwa kwa mdomo, ulionekana kwa nani amesogea mbele hatua mbili tangu jana.

Nimekaa sana na onyesho lenu la jikoni, na nakuomba ulipe muda mrefu kuliko mliolipa. Lina historia yake. Desemba 1526, babu yake Akbar, Babur, alitiliwa sumu Agra. Mama wa Ibrahim Lodi, mfalme aliyeuawa na Babur vitani, alimpata mpishi wa Kihindi. Sumu haikutiwa chunguni, kwa kuwa waonjaji wangeionja. Ilinyunyizwa kwenye sahani, juu ya vipande vyembamba vya mkate, kisha nyama ya kukaanga ikapakuliwa juu yake. Babur alitapika na akapona. Sasa tazama utaratibu wa jiko la mjukuu wake na utaona kwamba kila hatua inaziba tundu lile la kati ya chungu na sahani.

Chakula kikipikwa na kikipakuliwa, turubai hutandwa juu, na watu wasiohusika hufukuzwa. Wapishi hukunja mikono ya nguo na pindo zao, na wakati wa kupakua huziba midomo na pua kwa mkono. Mpishi anaonja, bakawal, yaani msimamizi wa jiko, anaonja, kisha anaonja mkuu wao, Mir Bakawal. Baada ya hapo ndipo chakula kinaingia katika vyombo. Vyombo vya dhahabu na fedha hufungwa kwa kitambaa chekundu, vya shaba na kauri kwa cheupe. Mir Bakawal anapiga muhuri kwenye fundo na kuandika kilichomo. Karani wa stoo naye anaandika orodha ya vyombo vyote katika karatasi moja, inapigwa muhuri, inatangulia ndani, ili chombo kisibadilishwe njiani. Wabebaji wanatoka katikati ya wabeba rungu, wa mbele na wa nyuma, wasiokubali mtu akaribie. Mikate, bakuli za maziwa ya mgando, achari, tangawizi mbichi, ndimu na mboga huja katika mifuko yenye muhuri wa bakawal. Ndani, watumishi wa jumba wanaonja tena, wanatandika kitambaa chini sakafuni, wanapanga. Fungu la mafakiri linatengwa kwanza. Mfalme anaanza na maziwa au mgando. Akimaliza, vyombo vinarudi kwa kuhesabiwa dhidi ya orodha ile ile.

Kwa hiyo hakuna meza wala viti, wala umati wa watu wanaokula pamoja na mfalme kwa kelele kama mlivyoandika. Akbar alikula mara moja kwa siku, hakuwa na saa maalumu, na aliacha kabla hajashiba. Kwa sababu saa haijulikani, jiko liliweka vyakula vikiwa nusu tayari, na amri ikitoka, sahani 100 zilipatikana ndani ya saa moja. Huo wasiwasi wa kungoja usiojua utaisha lini ndio roho ya onyesho lenu. Siku nyingine hakugusa nyama kabisa, na wapishi walikuwa na mapishi yao ya siku hizo.

Mmeandika kwamba mpishi anakata nyanya na pilipili kali. Katika mapishi yaliyoandikwa ya jiko lile hamna hata kimoja. Ukali unatoka kwa pilipili manga na tangawizi. Kama mnataka sufuria ya kweli jukwaani, pikeni khichri, ambayo bibi yako angeijua mara moja kuwa ni mseto: mchele seri 5, dengu za kupaaza seri 5, samli seri 5, chumvi theluthi ya seri, na inatoka sahani saba. Seri moja ya wakati ule ni gramu 630 hivi, kwa hiyo kila kiungo ni kilo 3 na zaidi kidogo. Soma tena kipimo cha samli. Ni sawa kwa uzito na mchele. Mkipunguza samli mnapata chakula cha kila siku cha raia, na ndiyo tofauti kati ya nyumba mbili zilizokula kitu kimoja. Wali wa njano una mchele seri 10, sukari ya mawe seri 5, samli 3 na nusu, zabibu kavu, lozi na pistachio nusu seri kila kimoja, zafarani na mdalasini, na tangawizi mbichi.

Vyombo vya shaba vya jiko la mfalme vilitiwa bati mara mbili kwa mwezi, vya wanawe mara moja. Msilipuuze hilo mkadhani ni usafi wa kung'arisha. Shaba isiyo na bati ikikutana na ndimu au mgando hutoa kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu bila mtu yeyote kukusudia. Fundi wa bati aliyechelewa angeweza kuleta msiba na wakakamatwa wapishi. Nafikiri hapo pana kisa bora kuliko kile cha pete ya sumu mlichokiweka, ambacho kila mtu amekiona mahali.

Maji ya kunywa yalikuwa ya mto Ganga, yaliyochukuliwa Soron wakati mfalme yuko Agra na Fatehpur, yakaletwa katika mitungi iliyopigwa muhuri. Ya kupikia yalikuwa ya mvua au ya mto Yamuna, yakachanganywa kidogo na ya Ganga. Mmeandika kwamba anakunywa maji ya barafu. Barafu ya milimani ilianza kuja kwa mpango maalumu baada ya kuhamia upande wa Lahore, si 1582. Fatehpur walitumia shura, ile ile ya kutengenezea baruti. Chukua seri 1 ya maji, itie katika chupa ya fedha au ya bati, ziba mdomo sawasawa. Katika beseni tia shura seri 2 na nusu na maji seri 5. Izungushe chupa ndani ya mchanganyiko huo kwa robo saa. Shura ikiyeyuka inavuta joto, na maji ya chupani yanapoa. Kinachoharibu ni mambo mawili: kizibo kikilegea, maji ya shura yanaingia na kinywaji hakinyweki, na mtu akiiacha chupa imetulia bila kuizungusha, ubaridi unashika nje tu. Jukwaani mtumishi aendelee kuzungusha muda wote ambao wakubwa wanazungumza. Mkono wake usisimame.

Upande wa wanawake sitaurefusha, ila ondoeni yale mapozi ya kulala juu ya mito. Waliokuwa mle walizidi 5,000 kwa hesabu ya Abul Fazl, kila mmoja na makazi yake, wamegawanywa kwa mafungu chini ya wasimamizi wanawake, na hesabu za matumizi zikaandikwa na karani. Wa daraja la juu walilipwa kati ya rupia 1,028 na 1,610 kwa mwezi. Ndani walinzi ni wanawake, nje ya ua matowashi, mbele yao Warajputi, kisha mabawabu. Ni idara. Mwonyesheni Gulbadan akidai matumizi yake na karani akipekua daftari.

Kuhusu vyeo: kila afisa alikuwa na namba, kuanzia 10 hadi 10,000, na madaraja yaliandikwa kuwa 66, sawa na hesabu ya herufi za jina la Allah kwa abjadi. Namba hiyo ilimpa mshahara na ikamtaka alete wapanda farasi. Hapo ndipo wizi ulipoingia. Siku ya ukaguzi afisa aliazima farasi, akawavisha silaha wafumaji, maseremala na wauza mboga, akahesabiwa, na jioni kila mtu akarudi kwake. Tangu 1573 au 1574 Akbar akaamuru farasi wapigwe chapa ya moto na kila askari aandikwe sura yake katika daftari: jina, jina la baba, kabila, alikozaliwa, rangi, makovu. Maofisa walilichukia jambo hili, na ni moja ya sababu za uasi ule wa 1580. Cheo cha namba mbili, moja ya mtu na moja ya farasi, kilikuja miaka ya 1590, kwa hiyo msikitaje. Ardhi waliyopewa haikuwa mali yao; ilikuwa haki ya kukusanya kodi yake, na walihamishwa kila baada ya miaka michache ili wasiote mizizi. Kasoro yake ni kwamba mtu anayejua atahamishwa mwakani hachimbi kisima, anakamua. Wakulima ndio waliolipa.

Ngoma za jumba zilipigwa usiku wa manane na tena alfajiri. Zumari zilikuwa tisa kwa kawaida, zikipulizwa pamoja, na baragumu kubwa zisizopungua nne, ngoma za jozi nyingi na matoazi jozi tatu. Hamwezi kupata zote, lakini wapiga zumari wawili wazuri wa kwetu watafanya kazi nzuri kuliko kanda ya muziki wa filamu. Jioni, kabla jua halijazama, huletwa mishumaa 12 ya kafuri katika vinara vya dhahabu na fedha, na mwimbaji mmoja akishika mshumaa anaimba sifa za Mungu.

Umeniuliza kama mnaweza kumwingiza punda milia, ili Afrika ionekane. Kwa Akbar hapana. Punda milia alifika kwa Jahangir mwaka 1621, akitokea Uhabeshi kwa mikono ya Waturuki. Watu walimshuku kwamba amepakwa rangi, akachunguzwa, ikaonekana michirizi ni yake. Jahangir akamwagiza mchoraji Mansur amchore, na akaamua mnyama apelekwe zawadi kwa Shah Abbas wa Uajemi. Picha ipo hadi leo London. Kwa 1582 kiungo chenu cha kweli ni nguo. Akbar aliiteka Gujarat 1572 hadi 1573, na bandari ya Khambhat ilikuwa ikipeleka nguo za pamba pwani yetu na kurudi na pembe za ndovu tangu kabla yake. Mfanyabiashara wa Khambhat anayesubiri kusikilizwa barazani, na pembe mbili miguuni pake, hana haja ya kueleza chochote.

Mwisho ni amri. Mmeandika mfalme anatamka, karani anaandika, mjumbe anaondoka. Haikuwa rahisi hivyo. Makarani wa kumbukumbu walikuwa 14, wawili kwa siku kwa zamu, ili mtu asizoeane na wenye maombi. Waliandika kila alichosema na kufanya mfalme, hata kula na kulala kwake. Kumbukumbu ilisomwa mbele yake na akaikubali. Kutoka hapo amri inayohusika hunakiliwa, ikatiwa saini na karani, na Mir Arz anayepeleka maombi, na aliyeliwasilisha jambo lenyewe. Hati hiyo inabaki kwa mwandishi mwingine, anayetoa muhtasari wake na kuusaini, nao ukatiwa saini na mihuri ya wengine. Kwa muhtasari huo ndipo farmani yenyewe, yaani hati ya amri ya mfalme, inaandikwa, na kuanza safari nyingine ya mihuri. Mtu akitaka kughushi, inambidi anunue watu sita au saba wasiopendana.

Ile ya siri au ya haraka ilipata muhuri wa mfalme peke yake. Karatasi ilikunjwa pembe zake zikutane, ikafungwa fundo la karatasi, kisha fundo likazibwa kwa gundi ya utomvu wa miti, mkunazi na mipipali miongoni mwake, ambayo ikipata joto hulainika kama nta na ikipoa hukauka ngumu. Ikaingia katika mfuko wa dhahabu. Tumieni lakiri ya kawaida, lakini pasheni moto mbele ya watu, na mtoa muhuri asubiri ipoe kabla ya kuikabidhi. Ikikabidhiwa ingali laini, alama inafutika na mpokeaji ana haki ya kuikataa.

Vitambaa vya vyombo msishone kwanza. Nitumie upana na kina cha jukwaa lenu kwa mita, nikupangie gazi zenu, kwa kuwa nadhani safu ya tatu ya maamiri haitatosha na itabidi muwapunguze.

Wasalaam,
Mama yako